Oswald Cooper: kijana aliyeacha shule akachora herufi nene unazoziona kila kona

Nilipotea kama wiki mbili hivi. Sio kwamba nimewasahau, ni mambo ya kutafuta ugali. Leo sina habari ya siasa wala mpira. Nawaletea maisha ya Mmarekani mmoja aliyekufa mwaka 1940. Naamini wengi wenu hamjawahi kusikia jina lake, ila kazi yake mmeiona mara nyingi mno, na inawezekana kabisa imo ndani ya hiyo kompyuta unayoitumia sasa hivi hapo cafe. Lakini kabla sijamfikia, ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo aibu nisingemjua.

Kama mnavyojua, mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kunipeleka mbele, na nyumbani hali yenyewe ndiyo hiyo. Nikajishikiza kwenye stationery ya dada mmoja karibu na stendi. Yeye ana kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi, mimi nina mikono. Kadi za harusi, vipeperushi, matangazo ya vyumba vya kupanga, ratiba za misiba, vyote napiga, halafu tunagawana. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nafungua Word, nateremka kwenye orodha ya fonti, ile itakayonivutia macho basi ndiyo hiyo hiyo.

Sasa mwaka jana akaja mzee mmoja wa mtaani kwetu, amefiwa na mama yake. Yule marehemu mtaa mzima tulikuwa tunamwita Bibi. Mzee anataka ratiba ya ibada ya mazishi, nakala 200, kesho yake saa mbili asubuhi. Nikasema moyoni, huyu Bibi lazima nimfanyie kitu cha maana. Jina lake nikaliweka juu kabisa kwa herufi nene, za mviringo, zimenona kama andazi lililoumuka vizuri. Nikazipaka rangi ya chungwa. Usiku ule nililala nimeridhika kabisa.

Asubuhi mzee akachukua nakala ya kwanza, akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza taratibu tu kama mama yake alikuwa anauza sharubati. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Zile 200 zikabaki mezani, nikapiga nyingine mbio mbio kwa herufi za kawaida, na gharama ya zile za kwanza ikakatwa kwenye mgao wangu wiki tatu. Mazishini nilisimama nyuma kabisa, karibu na miti, nikiogopa mtu asije akanitambua.

Ile fonti inaitwa Cooper Black. Jina lilinikaa kichwani. Nikawa najiuliza, hivi huyo Cooper ni nani hasa, na alikuwa anafikiria nini wakati anachora kitu kilichokuja kuniponza hivi? Nikaanza kumtafuta kidogo kidogo, dakika kumi leo, ishirini kesho. Kumbe, jamani, jamaa ana stori.

Oswald Bruce Cooper alizaliwa tarehe 13 Aprili 1879, mji mdogo wa Mount Gilead, jimbo la Ohio, Marekani. Akiwa bado mtoto familia ikahamia Coffeyville, jimbo la Kansas. Wapenzi wa filamu za cowboy huenda Coffeyville mnaijua bila kujijua. Ndipo mwezi Oktoba 1892 genge la akina Dalton lilipojaribu kuvamia benki mbili kwa mpigo, wananchi wakachukua bunduki, na majambazi wanne kati ya watano wakauawa pale pale. Wananchi wanne nao wakafa. Oswald alikuwa na miaka 13 wakati huo. Ndio aina ya mji aliokulia.

Alipofika miaka 17 akaacha shule ya sekondari. Hapo ndipo nilipomkaribia na kiti. Akaenda kujifunza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Msifikirie uchapaji wa leo wa kubonyeza Ctrl na P. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Fundi anachukua a, anachukua b, anazipanga moja moja kwa mkono kwenye kifaa alichokishika, tena zikiwa zimegeuzwa kama unavyoziona kwenye kioo. Zinapakwa wino, karatasi inagandamizwa juu yake. Kazi ikiisha, herufi zote zinasafishwa na kurudishwa kila moja kwenye kijumba chake. Kijana anayeanza ndiye wa kufagia, kubeba, kupanga na kupangua. Mikono michafu kutwa nzima.

Lakini faida yake ni kwamba kijana huyo anaijua herufi kwa vidole. Anajua ipi nyembamba inavunjika haraka, ipi inameza wino mwingi, ipi inasomeka na ipi inasumbua. Sisi wa kompyuta tunaziona herufi kama picha tu. Yeye alizibeba, akajua zina uzito.

Ndoto ya Cooper ilikuwa kuwa mchoraji. Akaenda Chicago, kwenye shule ya uchoraji ya Frank Holme. Holme alikuwa mchoraji wa magazeti. Siku hizo picha za kamera zilikuwa hazijashika magazeti sawasawa, kwa hiyo mchoraji ndiye aliyetumwa kwenye moto, kwenye kesi, kwenye ajali, akachora alichokiona. Mwaka 1898 akafungua shule. Ada ilikuwa shida kwa kijana wa Coffeyville, wakakubaliana alipe kwa kazi, yaani awapangie herufi za uchapaji, na hiyo ndiyo iwe ada yake. Ukifikiria vizuri, ile kazi ya mikono michafu ndiyo iliyomlipia shule.

Halafu ikaja pigo. Cooper akagundua kwamba uchoraji haumwendei. Amesafiri kote huko, amejibana, na kile alichokijia hakiwezi. Wadau, hapa nilisimama kusoma kidogo. Wangapi kati yetu tumefika kwenye ukuta wa namna hiyo tukarudi nyumbani kukaa kijiweni?

Bahati ni kwamba pale shuleni kulikuwa na mwalimu wa uandishi wa herufi, jina lake Frederic Goudy. Goudy naye hakuanza maisha kwenye herufi, aliwahi kuwa mtunza hesabu za watu. Baadaye akaja kuwa mmoja wa wabunifu wa fonti wakubwa kabisa katika historia ya Marekani. Cooper akaingia darasa lake, na hapo akajikuta. Herufi ndiyo ilikuwa njia yake. Muda si mrefu mwanafunzi akawa mwalimu, akafundisha uandishi wa herufi pale pale shuleni, kwenye masomo ya njia ya posta. Mwanafunzi mwingine wa shule ile alikuwa W. A. Dwiggins, naye akaja kuwa jina kubwa kwenye ubunifu wa vitabu. Shule ndogo, lakini angalieni watu iliowatoa.

Mwaka 1904 Cooper akaungana na bwana mmoja, Fred Bertsch, wakafungua kampuni yao hapo Chicago, Bertsch & Cooper. Mgawanyo wa kazi ulieleweka. Bertsch alikuwa mtu wa watu, anatafuta wateja. Cooper alikuwa mtu wa meza, anachora. Wenyewe mnajua kwenye biashara hizi mmoja akikosekana mwenzake analala njaa. Wakapata kazi za matangazo za kampuni kubwa, wakiwemo watengeneza magari wa Packard na watengeneza bia wa Anheuser-Busch. Mwaka 1914 wakapanua, wakawa wanafanya kila kitu, kuanzia kupanga herufi na kupanga ukurasa mpaka kuandika maneno ya tangazo lenyewe. Cooper alikuwa anaandika vizuri pia.

Chicago ya wakati ule ndiyo ilikuwa mahali pake. Ulikuwa mji wa uchapaji, na kampuni kama Sears na Montgomery Ward zilikuwa zinachapa katalogi nene za bidhaa na kuzituma kwa posta mpaka mashambani. Kila mtu anauza, kila mtu anapiga kelele kwenye karatasi. Katika kelele ile, herufi ya kawaida ya kitabu haisikiki.

Hapa nieleze kidogo, maana ndio kiini. Fonti ziko za aina mbili kimatumizi. Kuna za kusoma muda mrefu, za kitabu na gazeti, ambazo zikifanya kazi vizuri wewe huzioni, unaona maneno tu. Na kuna za kuonekana, za kichwa cha habari, bango, kibao cha duka, kopo la maziwa. Hizi kazi yake ni kukusimamisha barabarani. Hazikuwepo tangu zamani. Zilianza kushamiri mwanzoni mwa karne ya 19 huko London, biashara na matangazo vilipokua, watengeneza herufi wakaanza kuzinenepesha, kuzitia vivuli na mapambo. Halafu Mmarekani Darius Wells wa New York mwaka 1827 akabuni mashine ya kuchonga herufi kubwa za mbao, maana herufi ya madini ikizidi ukubwa inakuwa nzito na ghali. Mabango yakajaa mitaani. Cooper alirithi mila hiyo.

Herufi zake za mkono zilianza kutamaniwa mapema. Zile alizochora kwa ajili ya matangazo ya Packard ziligeuzwa kuwa fonti ya madini na kampuni kubwa ya American Type Founders mwaka 1913, ikaitwa Packard. Baadaye kiwanda cha herufi cha hapo hapo Chicago, Barnhart Brothers & Spindler, kikamfuata kikitaka fonti zake mwenyewe. Mwaka 1919 ikatoka Cooper Old Style. Ni fonti nzuri, tulivu, ncha zake za mviringo. Ingekuwa imeishia hapo, leo wangemjua wataalamu tu.

Kiwanda kikataka toleo zito. Mwaka 1922 Cooper Black ikatoka, na ikawa kama mtu kafungua bomba. Watu wa matangazo waliigombania. Ukiitazama utaona kwa nini. Haina kona kali hata moja, vile vimiguu vya herufi vimeviringwa kama vidole vya mtoto mchanga. Matundu ya ndani ya a, e na o ni madogo, kwa hiyo herufi yote inakuwa nyeusi tii. Ile o imeinama nyuma kidogo, kama mtu mnene anayecheka. Ni nzito lakini haitishi. Hiyo ndiyo siri yake, maana herufi nyingi nene zinakukaripia, hii inakukaribisha.

Na kuna ufundi ndani yake usioonekana. Herufi yenye chini bapa, kama n ya kawaida, inakaa sawa juu ya mstari. Lakini o ikikaa sawa kabisa na n, macho yanaiona ndogo, kwa hiyo mbunifu huishusha o ipite mstari kidogo. Cooper alipoviringisha miguu ya herufi karibu zote, karibu zote zikawa zinapita mstari kidogo. Matokeo yake, hata ukizipanga ovyo kidogo, hazioneshi kosa haraka. Kumbe ndio maana nami nisiyesomea nilidhani nimefanya kazi ya kitaalamu! Herufi yenyewe ilinificha.

Mafanikio yakaleta maneno. Wachapaji wa kizamani waliichukia, wakaiita janga jeusi, wakaona inaharibu heshima ya ukurasa. Upande wa pili, washindani wakataka ya kwao. Na hapa stori inanoga, maana kampuni ya Lanston Monotype ilipotaka fonti ya kupambana na Cooper Black, ilimwendea nani? Goudy! Yule yule mwalimu wa Cooper. Ikatoka Goudy Heavyface, mwaka 1925. Yaani mwalimu kaitwa kushindana na mwanafunzi wake, kwenye uwanja wa mwanafunzi. Goudy Heavyface ipo mpaka leo, lakini ukiuliza mtaani ni ipi inaonekana zaidi, jibu unalo.

Cooper mwenyewe hakupunga mkono. Akaongeza ndugu wa fonti ile: Cooper Italic mwaka 1924, Cooper Hilite mwaka 1925, hii ina mstari mweupe ndani kama mng'ao wa puto, na Cooper Black Italic mwaka 1926. Mwaka 1927 akatoa Pompeian Cursive, herufi za kuinama za mapambo, na mwaka 1929 Cooper Fullface. Baada ya hapo uchumi wa dunia ukaanguka, viwanda vya herufi vikapata shida, yeye akaendelea na kazi za kampuni yake. Alifariki tarehe 17 Desemba 1940, akiwa na miaka 61. Kwa ukubwa wa kazi yake, hakuwa mtu wa kujulikana sana nje ya ulimwengu wa uchapaji.

Wengi wetu stori zetu zingeishia hapo. Ya kwake ndio ikaanza upya. Miaka ya 1960 ikaja teknolojia ya kupanga herufi kwa picha, bila madini. Zamani kila herufi ilikuwa na kipande chake cha risasi, huwezi kuzibananisha zikagusana. Kwa picha unaweza. Pia zikaja karatasi za Letraset, unasugua herufi inahamia kwenye kazi yako, hata asiye na kiwanda akaweza kutengeneza bango. Na Cooper Black ikibananishwa inapendeza ajabu, kama maandazi kwenye sinia. Mwaka 1966 kundi la The Beach Boys likaitumia kwenye jalada la albamu yao ya Pet Sounds. Miaka ya 1970 ikatapakaa kwenye fulana na matangazo. Mwaka 1995 shirika la ndege la easyJet la Uingereza likaanza, na jina lake likaandikwa kwa Cooper Black, nyeupe juu ya rangi ya chungwa. Ndiyo, chungwa! Nilipoona hiyo nilicheka peke yangu mpaka jirani wa kompyuta ya pili akanigeukia. Kumbe rangi niliyompaka Bibi ndiyo ya tiketi za ndege za bei poa.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 Microsoft wakaiweka ndani ya Office. Ndivyo herufi ya kijana wa Coffeyville ilivyofika kwenye stationery ya karibu na stendi.

Sasa tuje kwenye kilichoniuma. Je, Cooper ndiye aliyeniponza? Hapana. Alitengeneza herufi ya kuuza na kuchangamsha, na inafanya hivyo hasa. Mimi ndiye niliyeipeleka msibani. Ni sawa na kumlaumu fundi cherehani kwa sababu umevaa suti ya harusi kwenda kuchimba kisima. Nimejifunza vitu vichache, nawapa bure, wale mnaofanya kazi hizi huenda vikawaokolea wiki tatu za mgao.

Kwanza, kabla hujafungua orodha ya fonti, jiulize karatasi hii ingekuwa mtu ingeongea kwa sauti gani. Ya msiba inaongea chini chini. Ya duka la chips inaita. Ya mkutano wa shule inaeleza. Fonti ndiyo sauti hiyo, na msomaji anaisikia kabla hajasoma neno lolote.

Pili, ya mapambo iwe moja tu kwenye kazi nzima, tena kwa maneno machache. Jina la duka, jina la bwana na bibi harusi, basi. Tarehe, mahali na namba ya simu ziandike kwa herufi za kawaida. Nimeona kadi zina fonti sita, kama kikao ambacho kila mjumbe anaongea kwa wakati mmoja.

Tatu, zile za kuandika kama mkono, kama Brush Script, na zile za kizungu cha kale kama Old English, usiziandike zote herufi kubwa. Hazikutengenezwa zikae hivyo. Andika neno HARUSI kwa Old English halafu mpe mtu asome, utaona anavyokunja uso.

Nne, ujue asili yake. Broadway, ile yenye upande mmoja mnene sana na mwingine uzi, ilibuniwa na Morris Fuller Benton Marekani miaka ya 1920, wakati wa jazi na kumbi za starehe. Kwenye bango la disko inakaa. Kwenye barua ya kuomba kazi, ndugu yangu, utasubiri simu mpaka uchoke.

Tano, fanya majaribio. Chapa moja, itoe fotokopi, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi. Herufi zenye matundu madogo kama Cooper Black zikiandikwa ndogo, fotokopi inaziba matundu, a na e zinafanana, unabaki na madoa. Iweke kubwa au iache. Na hakikisha tarakimu zake zinasomeka, maana 3 na 8 zikichanganyika mteja anapiga simu kwa mtu mwingine kabisa.

Sita, mwoneshe mwenye kazi kabla ya kuchapa nakala 200. Hili ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote, na halihitaji hata kujua fonti.

Ninachokipenda kwa Cooper sio umaarufu, maana hakuupata sana. Ni ile hatua ya katikati, pale alipogundua uchoraji umemkataa. Hakuwa na cheti cha sekondari wala pesa ya ada. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa kupanga vipande vya risasi, kitu ambacho wengine walikiona ni kazi ya watoto wa kufagia. Akakishika hicho hicho, akakiendea kwa undani kuliko wenzake. Mimi nilikuwa nasema napiga kadi tu wakati nasubiri maisha yaanze. Tangu nimsome huyu bwana nimeacha kusema hivyo. Siku hizi dada wa stationery akiniletea kazi namuuliza maswali mengi mpaka ananiambia nimekuwa kama daktari.

Yule mzee hajarudi kwetu na kazi nyingine. Nikikutana naye namwamkia, ananiitikia vizuri, anapita zake. Nakala moja ya zile 200 niliibakiza, nimeibandika ukutani juu ya kompyuta, jina la Bibi kwa Cooper Black ya rangi ya chungwa. Wateja wengine wanauliza ni tangazo la nini. Nawaambia ni mwalimu wangu.

Haya, zamu yenu sasa. Hapo ulipo, toka nje ya cafe, angalia kibao cha kwanza cha duka au saluni, halafu rudi utuandikie kwenye maoni: herufi zake zina sauti gani, na je zinafanana na kinachouzwa ndani? Na kama na wewe umewahi kuharibu kazi ya mtu kwa fonti, usione haya, mimi nimeshaanza. Tupo pamoja.